Kijitabu cha Mapishi ya Maua: Mwongozo Kamili wa Kukitengeneza Nyumbani kwa Karatasi Nne

Makosa yanayorudi ni yale yale. Kijitabu kimekunjwa vizuri, ukikifungua ukurasa wa 3 unafuatwa na wa 14. Stepla imebana pembeni kwa sababu haikufika katikati. Picha ya ua la boga imetoka kwenye fotokopi ikiwa doa jeusi. Na lililo baya kuliko yote: pishi linasema "chukua maua kiasi", bila kutaja ni maua gani, sehemu gani ya ua inaliwa, wala lichumwe saa ngapi.

Mwongozo huu unakutoa kwenye karatasi tupu hadi kijitabu cha kurasa 16, ukubwa wa A5, kilichoshonwa kwa uzi na kinachostahimili purukushani za jikoni. Maua yaliyotajwa ni yale yanayopatikana Dodoma na mikoa ya jirani. Kukunja na kushona ni kazi ya mchana mmoja. Kinachokula muda ni kuyajaribu mapishi, na hapo ndipo wengi huruka.

## Vifaa

Kwa kijitabu kimoja andaa:

- Karatasi nyeupe za A4 za gramu 80: 4 za kijitabu chenyewe na 6 za mazoezi.
- Manila moja ya ukubwa wa A4, gramu 160 hadi 200, kwa ajili ya jalada.
- Uzi imara, sentimita 55. Uzi mwembamba wa fundi viatu unafaa sana. Wa cherehani ukunje mara mbili.
- Sindano yenye tundu pana, na msharasi au msumari mwembamba wa kutobolea.
- Rula ya chuma ya sentimita 30, wembe mpya, na kadibodi nene ya kukatia juu yake.
- Penseli, ufutio, na kalamu nyeusi ambayo wino wake hautawanyiki ukiguswa na maji. Kalamu nyingi za jeli hutawanyika. Chora mstari, subiri dakika 5, kisha upitishie kidole chenye maji.
- Kalamu iliyokwisha wino, kijiko cha chuma, na vibanio 2 vya nguo.
- Chupa tupu ya maji ya nusu lita, na mizani ndogo ya jikoni ukiweza kuipata.

Stepla ya kawaida iache. Kutoka ukingoni hadi kwenye mkunjo ni karibu sentimita 15, na mkono wake haufiki huko.

## Hatua ya 1: Chagua maua unayoyajua kwa uhakika

Maua matano yanatosha kabisa. Ua liingie kijitabuni likitimiza masharti matatu: unaujua mmea wake kwa jani na kwa tunda, watu wanalila tangu zamani au linajulikana wazi kuwa chakula, na unajua halikupuliziwa dawa ya wadudu.

Ua la boga. Nenda shambani au uani kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, kwa sababu jua likipanda ua hujifunga. Utaona maua ya namna mbili. Dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na ukichungulia ndani kuna nguzo moja iliyopakaa chavua ya njano inayobaki kidoleni. Jike lina kikonyo kifupi, na chini ya petali kuna kiboga kidogo, mara nyingi ukubwa wa gololi. Chuma madume tu, tena uache machache kwenye kila mmea ili nyuki wapate chavua ya kupeleka kwa majike. Ukichuma jike umechuma boga lako la baadaye. Likung'ute kila ua kabla ya kulitia kwenye ungo, maana nyuki hupenda kubaki ndani. Ukifika nyumbani toa ile nguzo ya katikati na vijani vya kijani vya chini, kwani vina vinyweleo vinavyokwaruza koo.

Onja kipande kidogo kibichi. Kikiwa kichungu kupita kawaida, tema na uache mmea huo kabisa. Mimea pori ya jamii ya maboga na vibuyu huwa na uchungu wenye sumu, na kupika hakuuondoi.

Rosela. Wengine huiita choya, kwa hiyo andika majina yote mawili. Kinacholiwa hapa si petali, ni kile kikombe chekundu kinene kinachobaki baada ya petali kudondoka. Chuma kikiwa bado kinakatika kwa kucha, kisha sukuma tunda lenye mbegu litoke.

Maua ya mlonge. Ni madogo, meupe yenye rangi ya maziwa, hutoka kwa vishada. Yapikwe, yasiliwe mabichi. Usichume mti mzima, maana kila ua ulilochukua ni ganda lisilozaliwa. Mizizi na magome ya mlonge visiingie kwenye chakula.

Ua la bamia. Ni la njano hafifu, katikati nyekundu iliyoiva. Lina utelezi ule ule wa bamia, na kwa walaji wa mlenda wa Dodoma hilo ni sifa. Ugali wa uwele haulikatai.

Alizeti. Tumia petali za njano peke yake, kiganja kimoja tu kwa bakuli la kachumbari, kwani zina uchungu kidogo. Hakikisha mwenye shamba hakupulizia dawa.

### Maua ya kuepuka, na lazima yaandikwe

Ukurasa huu usiuache hata kama unahisi kila mtu anajua. Watoto wanaosoma kijitabu cha kula maua watajaribu maua mengine.

- Oleanda: kichaka cha mapambo chenye majani marefu, membamba na magumu, maua ya pinki, meupe au mekundu. Sehemu zote ni sumu ya moyo, na kuchemsha hakusaidii.
- Oleanda ya njano: majani membamba, maua ya njano mfano wa kengele. Ni sumu vilevile, hasa mbegu zake.
- Mnanaha: maua marefu mfano wa tarumbeta, tunda lake lina miba.
- Waridi la jangwani: shina nene lililovimba chini, maua ya pinki. Utomvu wake umetumika Afrika kutengenezea sumu ya mishale.

Chini ya orodha andika kwa herufi kubwa: aliyekula apelekwe hospitali mara moja pamoja na tawi la mmea aliokula, na asilazimishwe kutapika.

Ongeza pia kwamba mawaridi ya wauza maua na maua ya bustani za barabarani hayaliwi, kwa sababu hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kwa chakula. Anayekula ua kwa mara ya kwanza aanze na moja au mawili, asubiri siku moja aone kama mwili umekubali. Wajawazito na wanaotumia dawa za shinikizo la damu waulize kliniki kabla ya kunywa rosela mara kwa mara.

## Hatua ya 2: Pika kila pishi mara tatu, kalamu mkononi

Mara ya kwanza pika kama ulivyozoea, lakini pima kila kitu kabla hakijaingia sufuriani. Mara ya pili pika kwa kufuata ulichoandika tu. Mara ya tatu mpe mtu mwingine karatasi hiyo apike, wewe kaa kimya. Kila mahali atakapoinua uso kukuuliza, pale sentensi haijakamilika.

Kikombe ndicho chanzo cha ugomvi, kwa sababu vikombe vya chai havilingani nyumba hadi nyumba. Jaza chupa ya nusu lita, gawa maji kwenye glasi mbili zinazofanana mpaka yalingane, rudisha glasi moja ndani ya chupa na uchore alama usawa wa maji. Hiyo ni mililita 250, na ndiyo "kikombe 1" cha kijitabu chako. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5. Maua ya boga yahesabu. Ya mlonge pima kwa kikombe bila kushindilia.

Hivi ndivyo pishi moja linavyopaswa kusomeka:

Maua ya boga kwa karanga (watu 3 hadi 4)

Maua dume ya boga 40, karanga zilizokaangwa na kusagwa nusu kikombe, kitunguu 1 kikubwa, nyanya 2 kubwa, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, maji kikombe 1, chumvi nusu kijiko cha chai.

1. Loweka maua kwenye maji yenye chumvi kidogo kwa dakika 5 ili sisimizi watoke. Suuza, chuja, kata kila ua vipande viwili.
2. Kaanga kitunguu dakika 4, moto wa wastani. Tia nyanya, funika dakika 6 hadi zivurugike.
3. Koroga karanga kwenye maji ya baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine. Ukizitia kavu kwenye mchuzi wa moto zitafanya madonge.
4. Punguza moto, pika dakika 8 ukikoroga hadi chini ya sufuria, kwani karanga hushika haraka.
5. Tia maua na chumvi. Dakika 3, kisha epua.

Limefaulu likiwa hivi: maua yamelegea lakini bado ni ya njano, mchuzi unang'ang'ania mwiko, na vitone vya mafuta vimeanza kuonekana juu. Maua yakigeuka nyuzi za kahawia, yaliingia mapema.

Sentensi ya "limefaulu likiwa hivi" iwepo kwenye kila pishi. Dakika 8 za mkaa si dakika 8 za gesi, hivyo mpishi anahitaji kitu cha kutazama kwa macho.

Kwa rosela kuna onyo moja linalosahaulika. Rosela ni chachu kali, na sufuria nyingi za majumbani ni za alumini. Asidi hula alumini na kuharibu ladha ya juisi. Kama huna sufuria ya chuma kisichoshika kutu wala ya kauri, chemsha lita 2 za maji peke yake, mimina juu ya gramu 40 za rosela kavu kwenye bakuli la kauri au la udongo, funika nusu saa, chuja. Sukari itiwe baada ya kuchuja.

Kwa mlonge: vikombe 2 vya maua, chemsha dakika 3, kamua maji, kaanga na kitunguu, malizia kwa mayai 3.

## Hatua ya 3: Gawa kurasa 16

Kurasa za namba shufwa hukaa kushoto, za witiri kulia. Kila pishi lianze kushoto na liishie kulia, ili mpishi mwenye unga mikononi asilazimike kufunua karatasi. Mgawanyo unaofanya kazi ni huu:

- 1: jina la kijitabu na tarehe
- 2: maua ya kuepuka
- 3: vipimo
- 4 na 5: jinsi ya kuyatambua maua matano
- 6 na 7: boga
- 8 na 9: rosela
- 10 na 11: mlonge
- 12 na 13: bamia upande mmoja, alizeti upande wa pili
- 14: misimu. Mvua za Dodoma ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na maua ya boga hujaa katikati yake
- 15: majina ya maua kwa Kigogo, Kirangi au lugha nyingine ya nyumbani. Waulize akina bibi, tena wakiwa wameshika ua lenyewe na si kwa kulisimulia
- 16: mistari mitupu ya mpishi kuandika

## Hatua ya 4: Tengeneza kijitabu cha mazoezi kwanza

Hapa ndipo kurasa huchanganyika, kwa hiyo usikimbie. Chukua karatasi 4 za mazoezi, kunja kila moja katikati, ziingize moja ndani ya nyingine. Sasa kifunue kama msomaji, ukiandika namba kwa penseli kona ya chini: 1, 2, 3 hadi 16. Ukimaliza zitenganishe na uzitazame. Utaona hivi:

- Karatasi ya nje: 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili
- Ya pili: 14 na 3, nyuma yake 4 na 13
- Ya tatu: 12 na 5, nyuma yake 6 na 11
- Ya ndani kabisa: 10 na 7, nyuma yake 8 na 9

Namba ya kwanza katika kila jozi ni ya kushoto. Jumla ya kila jozi ni 17. Jozi yoyote isiyofikisha 17 imekosewa, na huhitaji kutafuta zaidi. Ukitaka kurasa 12 (karatasi 3), jumla itakuwa 13. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4, kwa sababu kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne, upende usipende.

Kama unaprinti au kutoa kopi steshenari, mpe mhudumu kijitabu cha mazoezi akione, na umwambie karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Ikigeuzwa kwa upande mrefu, nyuma itatoka kichwa chini. Printi karatasi moja, ikunje, itazame, ndipo umruhusu aendelee na nyingine.

## Hatua ya 5: Andika na uchore

Acha pambizo la sentimita 2 upande wa mkunjo na sentimita 1.5 pande nyingine. Pambizo la ndani likiwa dogo, maneno yatamezwa na mkunjo. Kwa kompyuta tumia herufi za ukubwa wa 13, maana kijitabu cha jikoni husomwa kikiwa mezani, hakisogezwi machoni kama barua.

Picha za simu hupoteza kila kitu kwenye fotokopi ya rangi nyeusi. Chora mistari safi: ua la boga dume na jike kando kwa kando, kikonyo kirefu hapa, kiboga pale, na mshale mmoja kwenye kila tofauti. Mchoro huo mmoja unamfaa msomaji kuliko picha kumi. Penseli isibaki, kwa kuwa kopi huififisha. Kama unafanya kazi nje wakati wa kipupwe, weka jiwe juu ya karatasi. Upepo wa Dodoma miezi hiyo hauna simile.

Usibandike maua halisi ndani. Hutoa unyevu, huota ukungu na kuvimbisha kijitabu. Ukitaka moja la jalada, lilaze kati ya magazeti chini ya vitabu vizito kwa wiki 2, ukibadilisha gazeti kila siku kwa siku 3 za mwanzo.

## Hatua ya 6: Kunja

Kabla ya kukunja, toa kwanza nakala mama kama Hatua ya 9 inavyoeleza. Kisha kunja karatasi moja moja. Ukikunja nne kwa pamoja mkunjo unakuwa mviringo na kijitabu hakifungi. Linganisha kona, bana kwa kidole katikati, sugua kuelekea nje kwa mgongo wa kijiko.

Manila ina matakwa yake. Nyuzi za karatasi ya A4 kwa kawaida hulala kwa urefu, na sisi tunaikunja kukatisha nyuzi hizo, ndiyo maana jalada hupasuka. Pima sentimita 14.85 kutoka ukingo mfupi, weka rula, pitisha kalamu isiyo na wino mara 2 bila kukwaruza. Kunja ukifuata mfereji huo, na mfereji ubaki upande wa nje.

## Hatua ya 7: Toboa na ushone

Ingiza karatasi zote ndani ya jalada kwa mpangilio, fungua ukurasa wa 8 na 9, bana kwa vibanio juu na chini. Weka alama tatu kwenye mkunjo: katikati kabisa (sentimita 10.5), na nyingine mbili sentimita 3.5 kutoka kila ncha. Toboa kutoka ndani kwenda nje juu ya kadibodi, msumari ukiwa wima. Ukiulaza, tundu litatokea pembeni ya mgongo na kijitabu kitapinda.

Sasa sindano:

1. Ingia tundu la kati kutoka ndani, tokea nje. Acha mkia wa sentimita 8 ndani.
2. Kwa nje panda hadi tundu la juu, ingia ndani.
3. Kwa ndani shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, ukiruka la kati. Tokea nje.
4. Kwa nje panda hadi tundu la kati, ingia ndani. Angalia usiuchome uzi uliomo tayari, ukiuchoma hautavutika tena.
5. Mkia mmoja uwe kushoto kwa uzi mrefu, mwingine kulia. Vuta yote miwili ukifuata mkunjo, kamwe usivute kwenda juu, karatasi itachanika. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu. Kata mikia ibaki sentimita 1.

Umefaulu ukiona nje mishono miwili inayokutana katikati, na ukitikisa kijitabu hakuna karatasi inayocheza. Ikicheza, fundo lilifungwa kabla uzi haujakaza. Likate na urudie, matundu yapo tayari.

## Hatua ya 8: Sawazisha kingo na uweke kinga

Karatasi za ndani zitachomoza kidogo, ni kawaida. Bana kijitabu chini ya rula na upitishe wembe mara nyingi kwa mkono mwepesi. Kata upande wa kufungulia tu, milimita 2 zinatosha. Wembe butu huburuta na kuacha meno.

Kwa kinga dhidi ya mafuta, sugua nta ya mshumaa mweupe juu ya jalada, kisha uipangushe kwa kitambaa. Au lifunike kwa nailoni kama daftari la shule, lakini nailoni isibane mgongo. Toboa tundu kona ya juu kushoto, pitisha kitanzi cha uzi, kitundike kwenye msumari mbali na moto.

## Hatua ya 9: Tunza nakala mama

Kabla ya kukunja chochote, toa kopi moja zaidi ya karatasi zote 4 na uihifadhi imelala ndani ya bahasha bila mkunjo. Karatasi iliyowahi kukunjwa huacha mstari mweusi katikati ya kila kopi inayofuata.

Jirani akikuambia chumvi imezidi kwenye pishi la mlonge, sahihisha kwenye nakala mama siku hiyo hiyo, na ubadilishe tarehe ya ukurasa wa 1. Kwa tarehe hiyo mwenye kijitabu cha zamani atajua chake hakina sahihisho, na utaweza kumpa karatasi ya 10 na 7 peke yake aibadilishe: anakata fundo, anatoa ya ndani, anaweka mpya, anashona upya kwenye matundu yale yale.